Skrini inazima sekunde mbili tatu alafu inarudi, ni draiva (programu) ya kadi ya grafiki, pawa saplai au umeme wa mtaani?

#1 BwanaReso
Wakuu habari za jioni. Mi na-edit video za harusi na kipaimara hapa Moro. Mashine ni desktopu ya ofisi iliyotumika, i5 gen 6, RAM 16, nikaiongezea kadi ya GTX 1060 ya GB 6 niliyochukua kwa mtu Kariakoo. Ilikaa vizuri kama miezi miwili. Sasa hii wiki ya tatu skrini inakuwa nyeusi ghafla, sauti inaendelea, baada ya sekunde mbili tatu inarudi kama hakuna kilichotokea. Siku nyingine inarudi na vidoti vya kijani, siku nyingine hairudi kabisa inakuja skrini ya bluu imeandikwa VIDEO_TDR_FAILURE na nvlddmkm.sys.

Kinachonichanganya, nikiwa na-renda video ya masaa mawili haifanyi hivyo, feni inalia kama bodaboda inapandisha Uluguru na magunia ya mkaa lakini kazi inaisha. Ila nikikaa tu naangalia YouTube, au nikishika mausi baada ya kuiacha muda, ndo inaanguka. Na ni kuanzia saa moja jioni mpaka saa nne hivi, asubuhi mara chache sana. Nimeshapiga Windows upya mara mbili. Jumamosi nina harusi na bwana harusi mwenyewe ni askari, nisaidieni.

#2 KijanaWaDoti
Kirusi hicho mkuu. Weka antivairasi ya maana.

#3 DoktaFyuzi
#2 hapana bwana. Kirusi gani kinafanya kazi saa moja mpaka saa nne, kimeajiriwa?

BwanaReso, hiyo TDR ni ulinzi wa Windows wenyewe. Windows inaituma kadi ikafanye kazi, kadi ikikaa sekunde 2 bila kujibu, Windows inaizima draiva na kuiwasha upya. Ndo ile skrini nyeusi. Ikifanikiwa unaendelea na maisha yako, kwenye Event Viewer (kumbukumbu ya matukio ya Windows) utakuta namba 4101. Ikishindwa kuiamsha, au ikiamshwa zaidi ya mara tano ndani ya dakika moja, ndo skrini ya bluu, kosa 0x116. Kwaio jina la nvlddmkm.sys halimaanishi draiva ndo mkosaji, hiyo ni draiva ya kadi yako tu inatajwa kwa sababu ndo ilikuwa zamu wakati kadi imezimia. Ni kama mlinzi wa getini, gari likiibiwa anaanza kukamatwa yeye.

Tuwekee: Windows gani, draiva toleo gani, pawa saplai ya wati ngapi.

#4 mke_wa_fundi
Nimeweka kambi hapa, ya mume wangu inafanya hivi hivi

#5 LuthuliBoy
Niaje wasee. Hii ni kitu TDR imekuanga toka Windows 7, fungua rejista (mipangilio ya ndani ya Windows) weka TdrDelay, zile sekunde za kungoja kadi, iwe 10 badala ya 2, mambo imeisha. Mimi nilifanya hivo kwa mashine ya klaenti hapa Nairobi na hajawai rudi.

#6 MzeeWaKebo
LuthuliBoy kwanza sio Windows 7, ni Vista. Nilikuwepo. Vista ilivyotoka 2007 draiva za grafiki ndo zilikuwa balaa lenyewe. Zile baruapepe za ndani za Microsoft zilizofunguliwa na mahakama 2008 zilionyesha asilimia 28.8 ya kuanguka kwa Vista kulitokana na draiva za Nvidia, ndo wenye hiyo GTX. Watu wanaolaumu Windows hawajui.

Pili, mteja wako hajarudi inawezekana kahamia kwa fundi mwingine.

#7 DoktaFyuzi
Mzee umetaja ya Nvidia ukaacha na ya Microsoft wenyewe, ambayo kwenye orodha hiyo hiyo ilikuwa 17.9. Na hiyo ni karibu miaka 20 iliyopita.

Hiyo TdrDelay ina maana kwa mtu anayerenda kitu kizito kweli, kadi haijafa ila iko bize zaidi ya sekunde 2. Huyu anaanguka akiwa anaangalia YouTube. Ukiweka 10 atakaa sekunde kumi na skrini iliyoganda badala ya mbili, ndo faida pekee.

#8 LuthuliBoy
Sawa mwalimu 😂 lakini klaenti yuko, hata jana alinitumia ya soda

#9 BwanaReso
Asanteni. Windows 11 (niliilazimisha kwa programu ya Rufus maana gen 6 ilikuwa inakataliwa), draiva ni tawi la 580, pawa saplai ni ile ile iliyokuja na mashine, wati 240. Event Viewer nimekuta 4101 kumi na saba, namba 14 ya nvlddmkm (makosa ya draiva ya kadi) nyingi tu, na 41 mbili.

#10 KakaSumaku
Wati 240!!! Uzi ufungwe. Unataka kuvuta lori kwa kamba ya viatu.

#11 NahodhaMkavu
Jamani hesabu kwanza kabla ya kufunga uzi. GTX 1060 inakula wati 120. i5 ya gen 6 ya kawaida ni 65. Hiyo 185, weka diski na feni na bodi, umefika 220 na kitu, na hapo ni kila kitu kikiwa kinafanya kazi mpaka mwisho. Mwenyewe kasema akirenda haianguki. Pawa ndogo ingemuangusha kwenye kurenda, si kwenye YouTube.

#12 KakaSumaku
Hesabu za karatasi hizo. Pawa saplai ya miaka kumi haitoi tena zile wati zilizoandikwa, kapasita zimeshachoka. Na kinachoua sio wastani ni kule kuruka ghafla: kadi imelala, ukagusa mausi ikaamka, inavuta umeme kwa mpigo, volti 12 zinashuka, kadi inapoteza fahamu. Inayoruhusiwa kwa volti 12 ni kushuka mpaka 11.4 tu. Ndo maana akirenda mzigo ni ule ule muda wote haina shida. Bwana Reso hiyo kadi ina tundu la pini 6, pawa saplai ya ofisi haina waya wa pini 6. Umeunganishaje?

#13 BwanaReso
Fundi aliniwekea adapta, upande mmoja unaingia kwenye waya wa SATA wa diski upande mwingine pini 6. Ina shida?

#14 KakaSumaku
Haya. Nimekaa chini.

#15 DoktaFyuzi
Hapo namuunga mkono Sumaku. Kichwa cha SATA kimetengenezewa diski, upande wa volti 12 kinatakiwa kibebe ampia 4.5, yani wati 54. Tundu la pini 6 lina haki ya kuvuta 75. Fungua ukiguse kile kiplastiki baada ya kurenda, kikiwa cha moto au kimebadilika rangi kitoe leo leo usisubiri harusi. Vinayeyuka vile.

#16 KijanaWaDoti
pini 6 si inatoa wati 150?

#17 DoktaFyuzi
150 ni ya pini 8. Pini 6 ni 75, na tundu la bodi linatoa 75 nyingine.

#18 Bibi_Harusi_Mtarajiwa
Mimi sielewi chochote ila BwanaReso ukishapona namba yako nataka, mwezi wa kumi na mbili

#19 BwanaReso
Karibu PM dada

#20 mpita_njia
Wati wati wati, mbona hakuna anayejibu swali la saa moja mpaka saa nne? Kadi inajua saa? Muda huo mtaa mzima wanapika, pasi zinawaka, friji za vioski zinaanza kukata na kuwaka. Kwangu nikipima jioni soketi inasoma 175 badala ya 230. Nunua stebilaiza.

#21 NahodhaMkavu
Inategemea pawa saplai mkuu. Nyingi za hizi mashine za ofisi zimeandikwa 100-240V kwenye stika, hiyo 175 kwake ni chakula cha kawaida. Zile za kizamani zenye kiswichi chekundu cha 115/230 nyuma ndo zinateseka. Soma stika.

#22 BwanaReso
Stika inasema 100-240V. Ila ni kweli jirani ana bucha na friji lake likiwaka taa ya kwangu inapepesa.

#23 mpita_njia
Nilisema.

#24 NahodhaMkavu
Hujasema kitu. Umeme ukikata kwa muda mfupi kuliko pawa saplai inavyoweza kuvumilia, kompyuta haioni. Ukikata zaidi ya hapo kompyuta nzima inazima, haizimi kadi peke yake na muziki ukaendelea. Zile 41 mbili alizozikuta ndo za hivyo, 41 ni mashine imezima bila kuaga. Bwana Reso angalia tarehe zake.

#25 BwanaReso
Daah kweli, zote mbili ni siku umeme ulikatika mtaa mzima. Kwaio hizo tuziondoe.

#26 ChumviChumvi
Salamu kutoka Mombasa. Nyinyi wote mmeruka kitu cha kwanza kabisa, mmeitoa kadi mkaisafisha miguu? Huku kwetu hewa ya bahari yala shaba, kila baada ya miezi kadhaa mashine yaanza vituko. Natoa kadi, nachukua raba ya kufutia penseli ile nyeupe, nasugua zile pini za dhahabu taratibu, narudisha mpaka isikike klik. Nimeponya mashine sita hivi kwa raba ya shilingi ishirini.

#27 KakaSumaku
Moro hakuna bahari mzee.

#28 ChumviChumvi
Vumbi lipo? Unyevu wa mvua za mlima upo? Basi.

#29 KijanaWaDoti
Nakazia, fungua CPU upulize vumbi

#30 MzeeWaKebo
CPU ni kile kichipu, hilo ni boksi.

#31 KijanaWaDoti
Sisi kwetu boksi lote ni CPU toka enzi za kompyuta ya parokia, usitubadilishie lugha

#32 mtoto_wa_juzi
hii ni kama ile ya CrowdStrike (kampuni ya ulinzi wa kompyuta), windows walituma apdeti mbovu dunia nzima ikapata bluu

#33 DoktaFyuzi
Ile ya 19 Julai 2024 haikuwa ya Microsoft wala haikuhusu grafiki, ni faili la CrowdStrike wenyewe, mashine kama milioni 8.5 zikaanguka. Huyu bwana hana hata hiyo programu.

Ila kwenye apdeti una kahoja. Windows ina tabia ya kuleta draiva yake kimya kimya juu ya uliyoweka. Tarehe ya draiva na tarehe ya anguko la kwanza zikikaribiana, hapo kuna la kuongea.

#34 TausiWaTabora
Samahani naingia katikati. Mimi nilikuwa na dalili hizi hizi, nyeusi, sauti inaendelea, hasa kwenye video za brauza. Nilibadilisha pawa saplai (hela ya ada ilienda hapo), nikabadilisha RAM, wapi. Mwisho ikaja kuwa kitu kinaitwa MPO, ni namna Windows inavyopanga madirisha na video kwa tabaka ili kadi ifanye kazi kidogo. Kwa baadhi ya kadi na monita inagombana. Hata Nvidia waliwahi kutoa faili la rejista la kuizima. Unaenda HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows\Dwm unaweka DWORD jina OverlayTestMode thamani 5, unarestati. Tangu hapo mwaka umeisha sijaona tena. Haina gharama, ianze hiyo kabla hamjamnunulisha mtu vitu.

#35 mke_wa_fundi
TausiWaTabora ubarikiwe, nimempa mume wangu afanye, amekataa kwa sababu nimeitoa mimi

#36 TausiWaTabora
Mwambie imetoka kwa mwanaume 😂

#37 LuthuliBoy
Manze Tausi hio ni fiti. Lakini vidoti vya kijani? MPO haileti vidoti. Vidoti ni memori ya kadi inaenda. Hio kadi ilikuwa kwa mining, kuchimba sarafu za mtandao, hiyo ndio siri.

#38 MzeeWaKebo
Hapo sasa. 1060 ya GB 6 ilichimba Ethereum mpaka siku ya mwisho, 15 Septemba 2022 walipohamia mfumo mwingine, alafu kadi zikamwagwa sokoni dunia nzima. Hiyo ya Kariakoo usikute imefanya kazi miaka minne bila kulala. Tafuta BIOS halisi (programu ya ndani ya kadi) uirudishie, wachimbaji walikuwa wanazichezea.

#39 DoktaFyuzi
Mzee hapo umechanganya. Zilizochezewa BIOS sana ni za AMD, wapinzani wa Nvidia, RX 470, 480, 570, 580. Za Nvidia za ukoo wa 1060 BIOS imefungwa kwa saini, hauibadilishi kirahisi. Na mchimbaji mwenye akili alikuwa anapunguza umeme wa kadi ili bili isimuue, kwaio chipu inaweza kuwa nzima kabisa. Kinachokufa ni feni na zile pedi za kupoza memori.

#40 MzeeWaKebo
Nimekubali la BIOS. La kuchimba sijakubali.

#41 BwanaReso
Wakuu mrejesho. Kile kiplastiki cha adapta, upande wa SATA, kimekuwa rangi ya chai ya maziwa. Nimekitoa. Nimesugua pini kwa raba. Nimeazima pawa saplai ya wati 500 yenye waya wake wa pini 6 kwa jamaa wa stesheneri, tumeitoa mashine kwenye boksi lake maana haikuingia na plagi ya bodi ilibidi tutafute kigeuzi. Nimesafisha draiva kwa DDU (programu ya kufuta draiva) nikiwa sefu modi, nikaweka toleo la zamani kidogo. MPO nimezima. Na kwenye mipangilio ya umeme ya Windows nimezima ule usingizi wa PCI Express (tundu la kadi kwenye bodi). Siku ya tatu leo, haijaanguka hata mara moja. Harusi ya askari imeenda, nimemkabidhi.

#42 KakaSumaku
Pawa saplai. Mnanidai nini tena?

#43 TausiWaTabora
MPO.

#44 ChumviChumvi
Raba.

#45 NahodhaMkavu
Mmeona mnachofanya? Na wewe Bwana Reso umebadilisha vitu sita kwa mpigo, sasa nani atajua kilichoponya ni kipi? Umekunywa dawa za duka zima homa ikashuka. Ilitakiwa kitu kimoja, siku tatu, kitu kingine, siku tatu. Tena kadi unaitoa kwanza kabisa unatumia grafiki ya Intel iliyo ndani ya hiyo i5, ukiona haianguki ndo unasema kweli shida iko kwenye kadi au umeme wake.

#46 BwanaReso
Nahodha siku tatu mara sita ni siku kumi na nane, bwana harusi ana bunduki

#47 NahodhaMkavu
😂😂 Haya hilo nakubali

#48 mpita_njia
Na jamaa wa stesheneri akitaka pawa saplai yake?

#49 BwanaReso
Ameshaniuliza mara mbili.

#50 mke_wa_fundi
Kwangu amefanya ile ya Tausi kimya kimya nimemuona. Imepungua ila haijaisha, bado mara moja moja. Anasema sasa ni RAM.

#51 DoktaFyuzi
RAM inawezekana kabisa, tena ndo inayosahaulika. Apige MemTest86 (programu ya kupima RAM) usiku mzima, kosa hata moja likitokea RAM hiyo haifai. Kama amewasha XMP (ya kuongeza kasi ya RAM) aizime kwanza. Na Bwana Reso wewe pia, maana RAM 16 hiyo najua haikuja hivyo, ni mbili za kampuni tofauti au nakosea?

#52 BwanaReso
Hujakosea…

#53 BwanaReso
Wakuu narudi kwa aibu. Siku ya tisa leo. Jana saa mbili usiku, naangalia mpira, nyeusi, sekunde mbili, ikarudi. 4101 moja. Tangu hapo haijarudia. Pawa saplai ni ile ile ya wati 500, MPO imezimwa, kila kitu.

#54 KakaSumaku
Moja kati ya siku tisa kutoka kumi na saba kwa wiki tatu. Mimi bado najidai.

#55 mtoto_wa_juzi
mechi ya nani? kama ni simba hata mimi ningezima

#56 MzeeWaKebo
Mwananchi asingeangusha draiva.

#57 mpita_njia
Saa mbili usiku. SAA MBILI USIKU. Friji la bucha lilikuwa linawaka au haliwaki?

#58 BwanaReso
Sikuangalia mkuu, nilikuwa naangalia goli.

#59 LuthuliBoy
Vidoti vya kijani vimerudi?

#60 BwanaReso
Hapana, vidoti sijaviona tangu nibadilishe umeme wa kadi.

#61 LuthuliBoy
Basi labda uko na shida mbili. Moja ya stima, ingine ya draiva. Hio 580 ndio tawi la mwisho kwa hizo kadi za 2016, Nvidia wamesema zitabaki kupata apdeti za usalama tu mpaka Oktoba 2028. So kama ni mdudu wa draiva na Windows 11, sidhani kuna mtu atakurekebishia. Rudi Windows 10.

#62 DoktaFyuzi
Na Windows 10 nayo msaada wa Microsoft uliisha 14 Oktoba 2025. Unamtoa shimoni unampeleka kisimani. Ila hili la shida mbili naliona lina ukweli, sikuwa nimelifikiria.

Bwana Reso, pakua OCCT, ikamue kadi saa moja hivi huku HWiNFO inarekodi volti 12. Alafu iache imelala na YouTube jioni, rekodi tena. Faili lilete hapa.

#63 BwanaReso
Sawa nitafanya wikiendi, bando limeisha, draiva peke yake ilinilia karibu GB nzima kwenda na kurudi.

#64 KakaSumaku
Ile adapta ya SATA lakini ulishaitupa?

#65 BwanaReso
Nilimpa bwana mdogo, ana kadi yake anataka kuiweka.

#66 DoktaFyuzi
MPIGIE SIMU SASA HIVI